Jokofu la Bosi Mavura

Bosi Mavura aliwauzia wakaanga samaki hisa za jokofu lisilotumia umeme, eti linatunza samaki siku kumi. Samaki wakaoza, mitaji ikateketea, akina mama hao wakamshtaki.

“Jokofu ni zima,” aliapa mahakamani. “Hawa mama hawakusoma, ndiyo maana linawashinda.”

Bi Mwanahija, mkaanga samaki, alilisukuma jokofu hadi mbele ya hakimu.

“Kweli hatukusoma, bosi. Nikikwambia humu mna samaki aina ya changu wa siku kumi, nifungue mheshimiwa aonje?”

Bosi aliruka, leso puani. “Usifungue! Utatuua kwa uvundo!”

Hakimu akaandika hayo. Bi Mwanahija akafungua. Ndani mlikuwa na kanga yake tu, imefukizwa udi.

“Kumbe mali yako unaijua, bosi.”