Fisi Aliyekanyaga Jivu Mara Ishirini na Tatu

Sogeeni karibu. Mwenye chungu jikoni akiache kiungue, maana haya ni mambo ya Fisi, na mambo ya Fisi hayangoji ugali uive.

Palikuwa na bonde liitwalo Kivumbini. Mwaka huo jua liliwaka mpaka mijusi wakawa wanasimama kwa zamu, miguu miwili chini, miwili hewani ikipozwa. Mto ulikauka. Kisima cha zamani kikabaki tope, na tope nalo likageuka vumbi. Tembo alikuwa akipiga chafya, majirani wanajifunika uso.

Wenyeji wa bonde walikuwa kumi na wanne, na walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: wanaokunywa kisima kimoja hawalani. Simba, mfalme wao, alivuka kilima kwenda kuwinda huko kwa wengine, kisha akarudi akitembea kama jua ni lake na amelikodisha tu. Hata Fisi alikula kiapo cha mwiko huo. Alikila akimeza mate, lakini alikila.

Basi ikabidi kuchimba kisima kipya. Ngiri, ambaye pua yake hujua udongo kuliko wengine wanavyojua wake zao, alinusa bonde zima akasema maji yako mahali pawili. Pa kwanza ni korongoni, chini, ambako kila mguu unafika. Pa pili ni juu kilimani, kwenye Jiwe Jekundu. Sasa hilo Jiwe Jekundu liko wapi? Mlangoni kwa Fisi. Ukipiga hatua tatu kutoka hapo umeingia sebuleni kwake.

Fisi akakipenda kilima ghafla, mapenzi ya siku moja. Akasema huko kuna upepo, kuna mandhari, na yeye mwenyewe angejitolea kuwa mlinzi wa maji bila hata kushukuriwa. Akamwendea Simba faragha, akamwambia kitaitwa Kisima cha Simba, na kwamba ukisimama pale asubuhi kivuli chako kinalala bonde zima. Simba akauliza kama kivuli hicho kingeonyesha na manyoya ya shingoni. Fisi akamjibu kwamba manyoya ndiyo yangeonekana zaidi. Basi, mfalme kwisha habari yake.

Aliyekosa usingizi kwa jambo hili ni Bi Digidigi. Kiumbe mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokoleza meno, na alikuwa akilea peke yake mtoto ambaye bado ananyonya. Maziwa yalikuwa yanamkauka. Siku ya baraza alisimama mbele ya wakubwa, akasema aliyokuwa nayo.

"Mnaniambia nikanywe mlangoni kwa Fisi. Nikienda na mwanangu, mmoja wetu atarudi na kiu, na mwingine hatarudi."

Fisi alicheka kwanza, kisha akakumbuka kuhuzunika. Akasema amechomwa moyo, tena na jirani, tena mbele ya watu. Wengine wakaguna. Tembo akasema maneno hayaishi, wakakanyage jivu.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Kivumbini. Jambo likiwashinda kwa maneno, walichekecha majivu wakayatandaza nyuma ya kichuguu, wakaweka fimbo katikati. Kushoto ni shauri hili, kulia ni lile. Kila mmoja huenda peke yake, hukanyaga mara moja tu, kwa mguu wa mbele wa kulia, na wengine wote huwa wamegeuza migongo, ili mdogo asikanyage kwa kumwogopa mkubwa. Wakimaliza, mfalme huhesabu na kutangaza. Kisha, nyayo zikiwa bado zipo, kila mtu huitwa, huweka mguu wake kwenye unyayo wake, na wote wakishaitwa, kila unyayo hupewa vikapu kumi vya udongo vya kuchimba, mwenyewe awe wa kwanza au wa mwisho, awe ameshinda au ameshindwa. Uliyekanyaga, utachimba.

Sehemu hiyo ya mwisho Fisi hakuijua. Msishangae. Miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kuiona, kwa sababu ikifika saa ya kugawa vikapu, yeye alikuwa ameshikwa na tumbo. Tumbo la Fisi lilikuwa na adabu sana, lilisubiri matokeo yatangazwe ndipo lianze kuuma. Kwa hiyo Fisi alijua kukanyaga na alijua kushangilia. Kazi ilikuwa habari ya wenzake.

Siku ya jivu ikafika. Wakaenda mmoja mmoja, Tembo akikanyaga taratibu asije akalimaliza jivu lote, Kobe akichukua muda wa watu watano kwenda na wa watu sita kurudi. Fisi akawapisha wote. Hajawahi kumpisha mtu mlangoni, leo anasema, "Tangulia, shemeji, tangulia, dada." Akawa wa mwisho, na kapu lake begani. Bi Kanga alipouliza ndani kuna nini, akaambiwa ni chakula cha mchana.

Si uongo kamili. Ndani mlikuwa na kwato. Fisi alikuwa na tabia ya kuweka kwato za aliowala akizilamba jioni, kama watu wengine wanavyotafuna ubani. Mlikuwa na ukwato wa nyumbu, wa swala, wa pofu, wa punda aliyepotea njia. Akachutama nyuma ya kichuguu akaanza kugonga jivuni, upande wa kilima. Korongo lilikuwa limepata nyayo kumi na mbili. Kilima kilikuwa na unyayo wa Simba tu, na wa Fisi mwenyewe ukawa wa pili. Kwato kumi na moja zingemtosha kushinda. Lakini kumwambia Fisi "inatosha" ni kumwambia mto urudi mlimani. Aligonga zote alizokuwa nazo, ishirini na mbili, tena mbili za mwisho akazigonga akiimba kwa sauti ya chini.

Simba akaja kuhesabu. Sasa, Simba huhesabu kwa kucha za miguu ya mbele, na zikiisha hutazama mbali kama anayewaza mambo makubwa. Akahesabu, akatazama mbali, akahesabu tena, akatangaza kilima kimeshinda kwa wingi usio na mfano.

Bi Kanga, ambaye siri kwake ni maji kwenye tenga, akamnong'oneza Sungura. Sisi tuko kumi na wanne, nyayo ni thelathini na sita. Hawa wengine wamekuja saa ngapi na mbona hawakusalimia? Sungura alikuwa ameshaona. Lakini alijua pia kwamba Simba ametangaza, na Simba akishatangaza hawezi kuambiwa hajui kuhesabu. Bora umwambie amenyolewa. Akamwomba Bi Kanga afunge mdomo kwa muda wa kupika chai. Bi Kanga akaufunga. Wanasema alivimba mashavu mpaka madoa yakasogea.

Sungura akamwendea Fisi, ambaye tayari alikuwa ameshika tumbo na ananyata kwenda zake.

"Hongera, kaka Fisi. Lakini mshindi haondoki. Nyayo zinaitwa sasa, na kila unyayo una kata yake ya maji kisima kikifunguka, kabla ya mtu mwingine yeyote kugusa."

Tumbo likapona papo hapo. "Kila unyayo?"

"Kila unyayo. Usioitikiwa, kata yake inamwagwa chini."

Fisi akarudi, akakaa mstari wa mbele kabisa.

Nyayo zikaitwa. Tembo akaweka mguu wake, akasogea pembeni. Ngiri, Kobe, Bi Kanga, wote. Simba akaweka wake, akakaa nao hapo muda mrefu ili uonekane. Kisha Sungura akasimama juu ya ukwato wa nyumbu, akauliza ni wa nani. Fisi akatazama huku na huku, akaona kata ya maji inamwagwa, roho ikamuuma.

"Ni wa rafiki yangu," akasema. "Amesafiri. Mimi ndiye mdhamini wake."

Sungura akamwuliza kama anauitikia kwa yote. Fisi akasema anauitikia kwa yote. Ukaitwa wa pofu. Naye alikuwa rafiki yake, tena wa utotoni. Wa swala, huyo ni shemeji yake kwa upande wa mama. Wa punda, huyo waliwahi kulala chumba kimoja. Wenzake wakaanza kucheka, wakajiziba midomo kwa mikia. Hakuna aliyewahi kujua kwamba Fisi ana jamaa wengi hivyo, na wote wenye kwato, na wote wamesafiri. Ulipofika wa kumi na tano Fisi hakungoja hata kuulizwa, alikuwa anaruka kutoka ukwato hadi ukwato akisema wangu, wangu, na huyu pia wangu, mate yanamdondoka jivuni.

Wakafika kwenye wa ishirini na mbili. Ulikuwa ukwato mdogo kama mbegu ya ukwaju, umepasuka ubavuni.

"Na huu?" akauliza Sungura.

"Wangu. Rafiki yangu mkubwa huyu."

Bi Digidigi akasogea. Akainama mpaka pua ikagusa jivu, na alipoinuka pua ilikuwa nyeupe, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa lazima niwaambie, maana habari hii bonde zima liliisema na hakuna wa kumcheka mwenzake. Masika yaliyopita mume wa Bi Digidigi alitoka asubuhi asirudi. Digidigi huoa mara moja tu, na mume hatoki nje ya harufu ya mkewe. Lakini Fisi alisema amemwona ng'ambo ya kilima na mke mwingine, mnene, mwenye mapozi. Bi Kanga aliichukua habari ikiwa moto akaigawa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikaongeza chumvi. Mwishowe ikasemwa wana na mapacha. Mke akawa anatazamwa kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

"Huu ni wa baba mwanangu," alisema Bi Digidigi. "Ulipasuka siku aliporuka mwamba kuja kunichumbia. Wewe ni rafiki yake mkubwa. Niambie yuko wapi."

Fisi akacheka kidogo. Akasema, kwa kweli, alimkuta akiwa ameshakufa.

"Alikufa kwa nini?" akauliza Sungura.

"Kwa njaa."

"Njaa ya nani?"

Hapo Bi Kanga mdomo ukamfunguka wenyewe, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka korongoni kwamba zote, nyumbu, pofu, swala, punda, zote zimetoka kwenye kapu la chakula cha mchana.

Simba alisimama. Kilichomwuma zaidi sijui ni kipi, mwiko kuvunjwa au yeye kuhesabishwa maiti mbele ya watu. Nadhani maiti. Alinguruma mpaka jivu lote likapeperuka, akasema Fisi hatauona ugali wa jioni. Wengi waliitikia. Ngiri alishaanza kunoa meno kwenye jiwe. Lakini Tembo akasema aliyefiwa aulizwe kwanza.

Bi Digidigi alimtazama Fisi, na mtoto wake akawa anamvuta titi lisilo na kitu.

"Mimi sitaki afe," akasema. "Akifa atapumzika, na mwanangu ana kiu. Amezikubali nyayo mbele yetu sote. Achimbe."

Hilo halikuhitaji jivu, lakini walilitandaza upya kwa ajili ya kuchagua mahali, maana desturi ni desturi. Wakakanyaga kumi na watatu, Fisi akiwa amekaliwa na mwenzao Kiboko, na Kiboko akienda kukanyaga, na Tembo, asije akatoroka. Korongo likapata zote kumi na tatu. Simba alikanyaga upande wa korongo bila kuomba mtu ageuke, akasema alikuwa ameliona tangu mwanzo kwamba hata korongoni kuna mahali pazuri pa kivuli.

Nyayo ishirini na mbili za marafiki waliosafiri na moja yake mwenyewe, mara vikapu kumi: hesabu hiyo aliifanya Sungura, na Simba akatingisha kichwa kama aliyeifanya yeye. Vikapu mia mbili na thelathini. Fisi akachimba. Alichimba akilia, akachimba akicheka, maana huyu mtu hajui kutenganisha. Kila alipotaja tumbo, Kiboko alijisogeza ukingoni kumsikiliza vizuri. Wengine nao walichimba vikapu vyao kumi kumi, wakimpitia wanamwuliza shemeji swala amerudi lini safarini.

Kwenye kikapu cha mia moja na arobaini udongo ukalowa. Kwenye cha mia na sitini maji yakatoka, baridi, yakimpanda Fisi magotini. Kata ya kwanza alipewa Bi Digidigi, na kabla jua halijageuka maziwa yakamrudia, mtoto akanyonya mpaka akalala mdomo wazi. Bi Kanga alizunguka nyumba zote zilezile, akiirudisha ile habari ya mke mnene, akigonga kila mlango na kusema alikosea. Inasemekana ilimchukua siku nne, kwa sababu habari ya kweli haikimbii.

Na Fisi? Vilikuwa vimebaki vikapu sabini, akavichimba, Kiboko akiwa bado ukingoni. Siku ile alikuwa na miguu minne yake na ishirini na miwili ya wenzake, na bado hakufika mbali. Njia ya mwongo ni fupi.