Miguu ya Ayman na Mdomo wa Aflah

Wapo watu wanaoidharau methali isemayo kuwa mcheza kwao hutuzwa. Hudhani imetungwa kwa ajili ya waoga, wale ambao hawajawahi kufunga begi wakaenda kujaribu bahati ya mbali. Sivyo. Maana yake ni kwamba kipawa cha mtu hung'aa zaidi pale anapofahamika, penye watu wanaojua namna ya kukitoa. Asiyeamini na asikilize habari za Ayman, mtoto wa Bwana Suud wa Mabela, kitongoji cha Maskati, aliyetamani kuwa mchezaji wa kulipwa hata chakula kikawa hakimpiti kooni.

Mwaka 2003 Ayman alikuwa mwanafunzi wa uhandisi chuoni, mwaka wa pili. Alicheza winga ya kulia katika timu ya chuo, na kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri aliwachezea vijana wa Mabela kwenye kiwanja cha changarawe kilichopigwa mistari ya chokaa. Alikuwa na mbio za ajabu. Akishauchukua mpira pembeni, mabeki walibaki wakitazamana kama watu walioachwa na basi.

Katikati ya uwanja, katika timu zote mbili, alicheza binamu yake Aflah, mtoto wa Shangazi Nasriya. Aflah alikuwa mnene, mpenda wali wa nazi, na kukimbia kwake kulikuwa kwa kujilazimisha. Lakini macho yake yaliona kila kitu na mdomo wake haukufungwa hata dakika moja. Wawili hao walilelewa pamoja katika nyumba za watu waliotoka Unguja, na mpira waliucheza kwa Kiswahili. Aflah akiita "Tulia!" Ayman husubiri. Akiita "Chomoka!" Ayman hufyatuka bila kutazama nyuma, na mpira humkuta mbele. Timu za jirani zililisikia neno hilo kila Ijumaa, zisijue ni la kazi gani. Hata hivyo sifa zote zilikwenda kwenye miguu ya Ayman, na Ayman mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisifu.

Siku moja wakala aliyemwona katika mashindano ya vyuo alimwalika kwenye majaribio ya wiki moja katika klabu kubwa ya nchi jirani ya Ghuba. Nyumba ikagawanyika. Bwana Suud, aliyeuza magari katika duka moja la mtaa wa Wattaya, aliweka kikombe cha kahawa chini akatikisa kichwa.

"Mpira si kazi, mwanangu. Gari likiharibika nnajua vipuri vyake viko wapi. Goti lako likiharibika tutakwenda duka gani?"

"Wee Suud, mwache mtoto ajaribu!" Shangazi Nasriya alimkatiza. "Wewe mwenyewe ulikuja huku hujui hata njia ya sokoni."

Suud alikichukua tena kikombe chake, maana dada yake alisema kweli. Mwishowe alitoa idhini kwa sharti moja: Ayman akikosa, arudi darasani bila maneno mengi. Mama yake, Bi Mahfoudha, alimkaangia visheti vya safari huku akijifuta machozi kwa ncha ya leso. Aflah ndiye aliyemfikisha uwanja wa ndege.

"Ukipata, niombee na mie nafasi," alisema.

"Nafasi gani, na tumbo hilo?" Ayman alimtania. Wakacheka, wakaagana, na Ayman hakulifikiri tena jambo hilo.

Huko alikokwenda alikuta nyasi za kijani kama zulia jipya na wachezaji wenye viatu vya bei. Siku ya kwanza alikimbia, mshika kibendera akainua kibendera: ameotea. Akakimbia tena, kibendera juu. Akaamua kusubiri, mpira ukapita mbele yake ukatoka nje. Wenzake walimpigia kelele kwa Kiarabu. Kiarabu alikijua vizuri, alikisoma na kukizungumza tangu utotoni. Lakini miguu yake ilikuwa imefundishwa kutii Kiswahili. Kila neno lilipomfikia sikioni alilielewa, kisha ndipo akakumbuka kukimbia, na kumbe beki ameshafika. Wiki ilipokwisha, kocha alimwekea mkono begani.

"Mbio unazo, sijaona mfano wake," alimwambia. "Tatizo hujui wakati wa kukimbia. Na hilo sina muda wa kukufundisha."

Ayman alirudi Maskati moyo umemvunjika. Aliwaambia watu kwamba nyasi za kule zilikuwa ndefu mno. Baba yake alimwekea tu vitabu vyake mezani, kama walivyopatana, na hilo lilimuumiza kuliko lawama. Alirudi chuoni, na Ijumaa zote alijifungia chumbani na vitabu vya hesabu asivyovisoma. Alikuwa na haya ya kuonekana kiwanjani. Aliona mlango pekee wa maisha aliyoyataka umeshafungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Ijumaa moja Aflah aliingia chumbani bila kubisha hodi.

"Inuka. Leo tunacheza na watu wa Qurayyat."

"Siwezi. Kocha kasema sijui wakati wa kukimbia."

Aflah alimtazama, kisha akaangua kicheko hata akashika ukuta. "Kwani lini ulijua? Si mie nnayekwambia siku zote!"

Ayman alikasirika, akavaa viatu ili akamwonyeshe kwamba si kweli. Aflah naye, kwa ukorofi wake, alicheza kipindi chote cha kwanza kimya kama bubu. Ayman alichomoka mapema, akaotea, akachelewa, akapokonywa. Watu wa Qurayyat walikuwa mbele kwa bao moja na vijana wa Mabela walianza kunung'unika. Wakati wa mapumziko Ayman alimfuata binamu yake penye ndoo ya maji.

"Sema basi, ndugu yangu," alimsihi.

"Niseme nini?"

"Sema! Bila wewe mie sifai kitu."

Maneno hayo yalimtoka kwa uchungu, lakini alipokwisha kuyasema alijihisi mwepesi. Kipindi cha pili sauti ya Aflah ikarudi. "Tulia... tulia... Chomoka!" Ayman alifunga mawili, na la tatu alimpa mwenzake afunge.

Miongoni mwa watazamaji alikuwapo Kocha Musallam wa klabu moja ya daraja la pili hapo hapo Maskati, aliyekuja kumtazama mpwa wake katika timu ya Qurayyat. Mechi ilipokwisha alimwita Ayman kando, akamwambia kwa Kiarabu kwamba anamtaka mazoezini, na akifanya vizuri atapewa mkataba wa kulipwa bila kuacha masomo.

Moyo wa Ayman ulimruka kwa furaha. Lile alilolifuata nchi za watu limemjia mpaka kiwanjani kwao. Akageuka akamwona Aflah ameketi chini, anavua viatu, anahema.

"Nitakuja, kocha," alisema, "lakini nije na binamu yangu."

"Yule mnene? Mimi nasajili wachezaji, sisajili wapiga kelele."

"Bila kelele zake mimi si mchezaji. Nimeshajaribu."

"Basi kaeni nyote nyumbani," Musallam alisema, akashika njia kuelekea kwenye gari lake.

Ayman alitamani kumkimbilia. Miguu ile yenye sifa ilimwasha. Lakini alibaki pale pale, kwa kuwa sasa alijijua. Musallam alifungua mlango wa gari, akasimama, akatafakari mabao aliyoyaona, kisha akapaza sauti: "Haya, njoo naye! Akinichosha namrudisha siku hiyo hiyo!"

Hakumrudisha. Alimpunguza wali tu, jambo ambalo Shangazi Nasriya aliliona ni dhuluma. Baada ya miezi michache wote wawili walitia saini mikataba. Washabiki, Waarabu na Wabaluchi kwa pamoja, walijifunza neno "Chomoka!" wakawa wanaliita hovyo hovyo hata Ayman akarudi kuotea. Ikawalazimu kubadilisha, na msimu mzima Aflah alimwamrisha mwenzake akimbie kwa kuita "Maandazi!"

Mwaka 2005 Ayman alimaliza chuo, na mwaka huo huo klabu yao ikapanda daraja la kwanza. Nyumba ya Bwana Suud ilijaa watu. Wanawake walipiga ngoma na vigelegele uani, wakawaita vijana wacheze kati, nao wakacheza, Aflah akiyumba na Ayman akimcheka. Shangazi Nasriya alikuwa wa kwanza kuwachomekea noti kwenye kola za jezi. Mara wakapisha njia: Bwana Suud, ambaye hakuwahi kukanyaga kiwanjani wala kuusifu mpira, alikuja na noti mbili mkononi. Moja alimtuza Aflah.

"Hii ya aliyejua wakati," alisema. Ya pili akaitia kwenye kola ya mwanawe, na mkono wake ukakawia shingoni pake. "Na hii ya aliyekubali kuambiwa."

Ayman alilia mbele za watu na asione haya. Wala hakukumbuka tena zile nyasi za kijani za nchi jirani, kwani alikwisha kuelewa, kwa miguu na kwa moyo, kwamba mcheza kwao hutuzwa.