Ukuta Uliogeuza Maji

Ndugu zangu, kulikuwa na baba mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyepata kiwanja bondeni, pembezoni mwa mji. Kiangazi pale palikuwa nyasi tu na mbuzi wa watu. Akaona ndipo atakapozeekea.

Alipoomba kibali cha ujenzi, mama mmoja wa mipango miji alikuja mwenyewe kupaona. Akamweleza kwa upole kwamba kiwanja kile kilikatwa kimakosa, kimekaa juu ya njia ya maji. Watamtafutia kingine, ila asubiri. Baba yule akasema maisha yake yote amekuwa mtu wa kusubiri.

"Kiwanja ni changu, jasho ni langu," akasema. "Maji yakija, yatanikuta mimi."

Nani kati yetu angemlaumu? Wangapi humu tumesema maneno hayo hayo?

Akajenga bila kibali. Lakini hakuwa mjinga. Lile onyo alilisikia, tena akalifanyia kazi: msingi akaunyanyua kwa mawe hadi usawa wa kifua, na upande wa mlimani akasimamisha ukuta wa zege. Jirani yake wa chini, fundi baiskeli mwenye mke na watoto wawili, alikuja kuutazama.

"Mzee, sasa maji yatapita wapi?"

"Yatatafuta njia yake," akajibu, akaendelea kuumwagilia ukuta maji ili zege likomae.

Masika ikaingia. Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha milimani, maji yakashuka. Yule baba alikuwa ndani na familia yake. Wakayasikia yakiupiga ukuta, yakinguruma, kisha yakageukia pembeni. Sakafu yao ikabaki kavu. Akapiga magoti akamshukuru Mungu, na alishukuru kweli, kwa machozi.

Mvua ilipokatika akafungua geti. Nyumba ya chini haikuwepo. Fundi baiskeli, aliyekuwa kazini, alikuwa amerudi na yuko kwenye matope anachimba kwa mikono. Mkewe alipatikana jioni ile. Watoto walipatikana kesho yake, mbali, karibu na daraja.

Baba yule alikwenda msibani. Fundi akampokea, akampa mahali pa kukaa. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini:

"Mzee, kule mipango miji walikuambia?"

Baba akainamisha kichwa.

Nyumba ile ipo, ndugu zangu. Haina hata ufa. Na sisi tukiona nyumba imesimama baada ya mafuriko, tunasema mwenyewe kabarikiwa. Tukinyimwa kibali tunasema tunaonewa, tunatafuta mtu wa kutupitishia mlango wa nyuma, kwa sababu tunadhani tumeulizwa habari za nyumba zetu. Hapana. Tumeulizwa habari za mtu anayelala chini yetu.

Basi wewe uliyeinua ukuta wako mwaka huu, ukalala pakavu, ukaja hapa leo kushukuru: maji yako umeyaelekeza kwa nani?