Mtihani wa Paa

Palikuwa na sultani, jina lake Mwinyikai, aliyependa mambo mawili tu: kuwinda, na kuambiwa kwamba ana akili. Siku moja akaamka na amri. Watoto wote wa nchi wafanye mtihani mmoja, wenye swali moja na jibu moja. Chuo ambacho watoto wake wataanguka kitavunjwa, na mwalimu wake akatafute kazi ya kutwanga mpunga.

Walimu wakachanganyikiwa, wenzangu. Tetesi zikavuja kwamba swali litahusu wanyama. Basi tena! Hesabu zikatupwa, hati zikasahauliwa, nyimbo zikafungiwa. Kutwa kucha ni "Tembo! Nyati! Kiboko!" mpaka mbuzi wa mitaani wakawa hawana raha. Aliyebaki kufundisha alikuwa Bi Zuwena peke yake, mwalimu wa chuo cha Mkwajuni, mwanamke asiye na kitu ila ulimi. "Mtoto si kasuku," alisema, akaendelea na kusoma na kuandika. Watu wakamwonya kwamba ataula wa chuya.

Mtahini akafika Mkwajuni, kilemba kikubwa kuliko kichwa. Akawaita watoto mmoja mmoja, akawauliza swali lenyewe: "Paa ni nini?"

"Ni lile la juu ya nyumba," akasema binti wa fundi makuti. "Baba huliezeka."

"Ni kumtoa samaki magamba," akasema mtoto wa muuza samaki. "Mama hupaa kila asubuhi."

"Ndivyo afanyavyo njiwa ukimtupia jiwe," akasema wa tatu, na kwa hilo alikuwa mjuzi kweli.

Kosa, kosa, kosa! Jibu lililopigwa muhuri ikulu lilisema paa ni mnyama wa porini mwenye pembe. Na paa wa nchi ile mnajua walikuwa wapi? Ndani ya msitu wa Sultani, ambamo mtoto wa maskini akitia mguu hupigwa bakora. Angemwonea wapi?

Bi Zuwena akaitwa barazani. Alikuwa na hofu, tusidanganyane. Vyuo vya wakubwa havikupokea watoto wanaonuka samaki, na chuo chake kikivunjwa, wale watoto ndio basi. Lakini hofu haikumfunga mdomo.

"Shikamoo, maulana."

"Kaa na shikamoo yako! Watoto wako wajinga!"

"Wamejibu, maulana."

"Wamejibu upuuzi! Mtoto anaulizwa mnyama, anataja magamba!"

"Hakuulizwa mnyama. Kaulizwa paa. Na mama yake asipopaa samaki, wewe mchuzi huuoni."

Baraza likaguna. Waziri akakohoa ili asicheke.

"Nchi moja, kipimo kimoja!" Sultani akafoka.

"Kumbe? Basi kanzu hiyo, maulana, ukiivua anaivaa waziri?"

Waziri alikuwa mwembamba kama ufito. Sultani, tumstahi tu, kiti chake kilikuwa kimepanuliwa juzi. Watu wakaangalia chini, mabega yakiwatikisika.

"Usinichezee, mwanamke! Katika nchi hii paa ni mnyama tu!"

"Mnyama tu?"

"Tu!"

"Hata anayesema akiwa mkubwa?"

"Hata nikisema mimi mwenyewe! Neno langu halina pacha."

"Nimesikia, maulana. Na baraza limesikia."

"Vizuri. Askari! Kavunjeni chuo chake!"

Bi Zuwena akapiga magoti, akafuta machozi ambayo hayakuwepo. "Haya, maulana, mkubwa hakosi. Ila kuta wasiziguse. Ule wa nyuma ndio ukuta wa banda la farasi wako. Ukidondoka, jioni farasi wako wamo mashambani wanakula magimbi ya watu."

Sultani akakuna ndevu. "Basi kuta waziache. Wang'oe mlango!"

"Mlango? Ewe maulana! Si ndio sadaka ya marehemu mama yako? Jina lake limechongwa pale juu, na watoto humwombea rehema kila wakiingia. Leo mwanawe aung'oe? Mji utasemaje?"

Pembeni mzee mmoja akasema, "Mungu amrehemu," na baraza zima likaitikia amina. Sultani naye akaitikia, akajikuta amekasirika zaidi. Kuta hazivunjiki, mlango haung'oki, na waziri ameanza tena kukohoa! Akasimama, kilemba kikamlalia sikioni.

"Acheni kuta!" akanguruma. "Acheni mlango! Ezueni paa! Jua liwachome mpaka wapate akili!"

Askari wakachukua mapanga, mbio. Bi Zuwena akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akawanyooshea mkono wasimame.

"Taratibu, wanangu, msije mkaharibu amri ya mkubwa." Akamgeukia Sultani. "Maulana, kama paa ni lile lililo juu ya nyumba, basi wanafunzi wangu wamefaulu, niache nikafundishe. Na kama ni yule mwenye pembe, waelekeze vijana msituni kwako. Ila wafunze kwanza kazi yenyewe, maana mie tangu nizaliwe sijaona mnyama akiezuliwa."