Fisi Alivyotwanga Mahindi ya Zawena

Hapo zamani za kale, pimbi walipokuwa na majiko yao na fisi wakipokea wakwe, aliishi pimbi mmoja, Mama Zawena. Nyinyi wa nyuma, msicheke! Pimbi ni mdogo, ndiyo, lakini hasira ya mama huyu ilijaza mwamba mzima. Alikaa ndani ya ufa wa mwamba huo na binti yake, Zawena, msichana aliyeanza kuota mapembe.

Siku hiyo waligombana tangu asubuhi.

"Kwa Fisi huendi!"

"Mama, kuna ngoma! Amenialika!"

"Fisi amwalike pimbi? Amealika kitoweo chake!"

"Kila ninachotaka, hapana! Mimi si mtoto!"

"Haya, mtu mzima, twanga kapu lote hili la mahindi. Mimi nasuka mkeka nyuma ya mwamba. Mchi ukinyamaza, nakuja!"

Twi! Twi! Zawena alitwanga, machozi ya hasira yakimdondoka. Mara akamwona Kigogota, yule ndege anayegonga miti kwa mdomo.

"Rafiki yangu, nigongee kinu hiki. Usipumzike hata kidogo!"

Twi! Twi! Twi! Zawena huyoo, akatoweka.

Mama Zawena alisikiliza, akaridhika. Akasikiliza tena, mkono ukasita kwenye mkeka. Anayetwanga husimama apepete pumba. Huyu mbona hapepeti? Akazunguka mwamba mbio.

"Lo! Ndege!"

Pruu! Kigogota akaruka. Mama akatimka kwenda kwa Fisi, akitukana njia nzima.

Ngoma haikuwapo. Zawena alikuwa amefungwa kamba mguuni, na Fisi anapuliza moto.

"Mama!"

"Kimya! Sitaki kukusikia!" Akamgeukia Fisi. "Bwana Fisi, mchukue. Mjeuri huyu amenishinda. Ila nani anakuja kula?"

"Wakwe zangu," Fisi akajibu, mate yakimtoka.

"Na ugali uko wapi?"

Fisi akashtuka. "Unga sina!"

"Wakwe wale mboga tupu? Aibu gani hii! Watakusema mpaka ukome!"

"Nifanyeje sasa, Mama Zawena?"

"Mahindi yako kwangu, kinu kiko kwangu. Mlete huyu mvivu atwange kwanza."

Wakaenda wote, Fisi ameishika kamba. Zawena akatwanga huku analia. Twi... twi...

"Unamwona?" mama akafoka. "Wakwe watafika hata maji hayajachemka!"

"Lete mchi huo!" Fisi akanguruma.

"Kwa mkono mmoja? Utamwaga mahindi yote!"

Fisi akaiachia kamba, akaukamata mchi kwa mikono miwili. Twi! Twi! Twi! Pumba zikamrukia machoni, akafumba macho, akazidi kutwanga.

Mama akamshika binti mkono. Chapu! Wakazama ufani.

Fisi alipofumbua macho, kapu zima lilikuwa limetwangwa, na pimbi hayupo hata mmoja. Akaingiza pua ufani, ikakwama. Akajivuta, ngwa! Akageuka, akakutana na wakwe zake, walioifuata sauti ya mchi.

"Mkwe," wakamwambia, "umeanza kutwanga mwenyewe?"

Fisi akakimbia, uso umejaa pumba.

Humo ndani Zawena akaangua kicheko. "Mama, tumemweza! Na mahindi yamekwisha!"

Mama hakucheka. Aliinama akamfungua ile kamba.

"Nimekukuta na kamba mguuni, Zawena. Kamba! Nimekasirika mpaka nashindwa kupumua."

Zawena akainamisha kichwa. Mama akavuta kapu lingine kutoka pembeni, akalibwaga mbele yake. Pu!

"Lile ametwanga Fisi. Hili ni lako."

"Mama!"

"Na upepete. Nasikiliza."

Hadithi yangu imeishia kinuni hapo. Nanyi mnaonuna mkikatazwa, sikieni: mama anayekufokea usiende ndiye atakayekufuata ukienda.