Nesi Aliyezima Taa Kwenye Theluji

Hadithi hii nimeipokea leo asubuhi kutoka kwa shemeji yangu. Nimeisoma nikiwa nimesimama mpaka chai ikapoa, nikaona si haki ibaki kwangu. Ukiimaliza, mtumie mtu mmoja tu, yule atakayekujia akilini.

Kulikuwa na nesi mmoja aitwaye Mghoi, mzaliwa wa milima ya Taita. Kazi ilimpeleka mbali sana, kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye kijiji ambacho theluji huanza kuanguka mwezi wa kumi na kuyeyuka mwezi wa tano. Huko, katikati ya majira ya baridi, jua halichomozi kwa majuma kadhaa. Saa sita mchana kunakuwa na weupe kidogo kama wa alfajiri, na ikifika saa tisa alasiri ni giza totoro.

Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wazee majumbani mwao, kuwapima presha, kuwafunga vidonda na kuwapa dawa. Kwa kuwa njia zote zilifunikwa, zahanati ilimpa pikipiki ya theluji. Hiyo haina magurudumu. Mbele ina mbao mbili za kuteleza, na nyuma ina mkanda mpana unaoisukuma. Mghoi alijifunza kuiendesha kwa majuma mawili. Alianguka mara kumi na moja, na kila alipoanguka alicheka kabla waliomwona hawajacheka.

Pikipiki ilikuwa na taa yake, lakini taa hiyo iliangaza kule pikipiki ilikoelekea tu. Akishuka kutafuta mlango wa mzee uliozikwa na theluji, alibaki gizani, mkoba wa dawa mkono mmoja na tochi mkono mwingine. Akaamua kununua taa ya kufunga kwenye helmeti, ile inayogeuka pale kichwa kinapogeuka.

Duka la vitu hivyo lilikuwa moja tu, la bwana mmoja mpole aitwaye Eero. Siku hiyo Mghoi alimkuta humo Jouni, kiongozi wa kikundi cha uokoaji cha kujitolea. Jouni alikuwa amewatoa watu saba kwenye theluji wakiwa hai, na kijiji kizima kilimheshimu. Alikuwa ametoka kununua taa yenye nguvu kuliko zote dukani.

"Nesi, usijisumbue," Jouni alimwambia. "Chukua kama yangu. Ukiiwasha, unauona mlima wa ng'ambo ya ziwa."

Mghoi akaishika, akaipindua, akashukuru. Kisha akamgeukia mwenye duka.

"Una friza?"

"Ninayo, ya samaki."

"Naomba tuziweke taa zote humo. Nitarudi kesho."

Eero alidhani ni utani, lakini akaziweka. Kesho yake Mghoi alizitoa moja moja, akaangalia ipi bado inawaka vizuri na ipi imelegea kwa baridi. Akavaa glovu zake nene, akafumba macho, akajaribu swichi za zilizobaki. Halafu akamwomba Eero asimame mbele yake kama mgonjwa.

"Inakuumiza macho?"

"Naona nyota."

Akairudisha hiyo mezani.

Jouni, aliyekuwa ameingia kununua mafuta, hakuweza kujizuia. "Nesi, unachagua taa au unachagua mume?"

Watu dukani wakaangua kicheko. Mghoi naye akacheka. "Mume nilimchagua upesi zaidi. Yeye sikumtia kwenye friza."

Mwishowe alichukua taa ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Sura yake ilikuwa mbaya na mwanga wake wa manjano. Betri yake ilikaa ndani ya koti, kifuani penye joto la mwili, na waya ukapanda mpaka kwenye helmeti. Swichi ilikuwa kubwa kama kizibo cha chupa. Ukiizungusha, mwanga ulipungua kidogo kidogo hadi ukawa kama wa mshumaa.

"Hiyo haioni mbali," Jouni alisema kwa huruma.

"Wagonjwa wangu hawako mbali," Mghoi alijibu. "Wako mbele ya pua yangu."

Basi ukapita mwezi mmoja. Alasiri moja simu ya Mghoi ikalia. Alikuwa Inga, binti wa Mzee Nillas, mfugaji wa kulungu wa theluji, wanaofugwa huko kama ng'ombe, mwenye miaka sabini na sita.

"Nesi, baba amejichoma sindano yake ya kushusha sukari saa sita, halafu akatoka na pikipiki yake kutafuta kulungu waliotawanyika. Chakula chake kiko hapa mezani, hakukigusa. Simu yake haipatikani."

Mghoi akautwaa mkoba wake wa dawa na chupa ya chai tamu. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Mtu aliyejichoma sindano hiyo na asile, sukari yake hushuka mpaka akapoteza fahamu, na aliyepoteza fahamu kwenye baridi ile haamki.

Akampigia Jouni. Baada ya dakika kumi Jouni alikuwa barabarani. Wenzake wakaenda upande wa ziwa, yeye na Mghoi wakafuata bonde, kila mmoja na pikipiki yake. Theluji ikaanza kuanguka, nyepesi kwanza, kisha nzito, ikafuta alama zote za mzee.

Jouni alikuwa mbele, taa yake imewashwa mpaka mwisho. Walipanda bonde, wakageuka, wakashuka, wakarudi tena. Kila baada ya hatua mia alisimama na kuita, "Nillas! Nillas!" Theluji ikaimeza sauti. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima.

Mghoi, akiwa nyuma, akaanza kuona jambo. Taa ya Jouni haikuonyesha mlima wala mti. Ilizimulika chembe za theluji zilizokuwa zikianguka, maelfu kwa maelfu, nazo zikaurudisha mwanga wote usoni mwake. Mbele yao palikuwa na ukuta mweupe tu.

Akaongeza mwendo, akampita, akamsimamisha kwa mkono.

"Jouni, zima."

"Nizime nini?"

"Kila kitu. Injini, taa ya pikipiki, na ya kichwani."

"Umechanganyikiwa? Mzee anakufa, wewe unataka tukae gizani?"

"Kwetu milimani ukungu ukishuka, dereva anayewasha taa kubwa ndiye anayeingia korongoni. Nipe dakika tatu tu. Nikikosea, lawama ni yangu."

Jouni alisita. Yeye aliyezaliwa kwenye theluji, aliyeokoa watu saba, anafundishwa na mgeni kutoka nchi ya jua! Lakini alimtazama machoni, akaona hakuna majivuno humo, kuna hofu tu ya kumkosa mzee. Akazima, na Mghoi akazima zake.

Giza likawafunika kama blanketi. Dakika ya kwanza Mghoi hakuuona hata mkono wake mwenyewe, alisikia moyo wake tu ukigonga ndani ya helmeti. Ya pili, akaanza kutofautisha ardhi na mbingu. Ya tatu, Jouni akapeleka kidole kwenye swichi.

"Subiri," Mghoi akanong'ona. "Kushoto kwako. Chini, pale kwenye ukingo wa kijito. Theluji ile ina rangi gani?"

Jouni akatazama. Palikuwa na doa dogo la manjano chini ya theluji, hafifu, kama kaa linalofia jivuni.

Wakakimbia, wakizama mpaka magotini. Mzee Nillas alikuwa amelala kwenye korongo la kijito, pikipiki yake imempindukia, mguu mmoja umebanwa. Mkononi alikuwa amefumbata tochi ndogo iliyokaribia kuzimika.

Mghoi akawasha taa yake, akaizungusha mpaka ikawa ndogo kabisa, akapiga magoti. Mikono yake yote miwili ilikuwa huru. Mzee alifumbua macho wala hakuyafumba tena, maana mwanga ule haukumchoma. Mghoi akampaka sukari ndani ya shavu, akamsugua, akamsemesha, akasubiri mpaka akaweza kumeza, kisha akamnywesha chai tamu kidogo kidogo.

Jouni aliinama, akatia bega chini ya pikipiki. Wakati huohuo taa yake kali, ambayo betri yake ilikuwa nje kwenye baridi, ikapepesa mara mbili, ikafa. Akainua chuma kile peke yake, kwa mwanga wa ile taa mbaya ya nesi, mpaka mguu wa mzee ukatoka.

Ndipo Mzee Nillas akapata sauti.

"Jouni, mwanangu. Niliwaona."

"Lini, mzee?"

"Mlipita hapa mara mbili. Mara ya kwanza nilipunga tochi. Mara ya pili nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Taa yako ilinipiga usoni kabisa, nikasema, sasa nimepona. Ukapita."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesimulia alichokiona njiani. Jouni akamfunga mzee vizuri kwenye kigari cha kuteleza kilichokokotwa na pikipiki yake, akamvuta hadi nyumbani taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

Mzee akapona. Mghoi akaandika ripoti ya zahanati kwa mistari miwili: mgonjwa amepatikana ukingoni mwa kijito, waliompata ni Jouni pamoja na nesi. Habari ya kupitwa mara mbili hakuiandika. Mzee Nillas naye hakumwambia mtu, hata binti yake.

Jumapili iliyofuata kijiji kilikusanyika kwenye ukumbi wa shule kumshukuru Jouni. Keki ilikuwa mezani, na Eero alikuwa ameandaa hotuba. Watu walipoinua mikono kupiga makofi, Jouni akasimama, akavua kofia.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Mimi nilimpita Mzee Nillas mara mbili."

Watu wakashusha mikono.

"Nilikuwa na taa kali kuliko zote hapa kijijini, na taa hiyohiyo ndiyo iliyonificha mzee. Aliyemwona ni nesi, tena alimwona baada ya kuniamuru nizime. Yeye hakuliandika hilo. Mzee hakulisema. Mngeweza kuishi na kufa bila kujua. Lakini iko siku mwenzetu mwingine atapotea, na nisiposema leo, tutampita na yeye."

Mtu wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mzee Nillas mwenyewe, mkongojo wake ukiwa umeegemea kiti. Inga akafuata, machozi yakimtoka. Kisha ukumbi mzima.

Jouni akamgeukia Mghoi. "Nesi, tuko watu kumi na wawili kwenye kikundi. Tuchagulie taa. Na kama utakubali, chukua nafasi yangu, utuongoze."

Mghoi akasimama. Alikuwa na haya ya kusema mbele za watu, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Taa nitawachagulia," alisema. "Nafasi yako siichukui. Mashujaa nimewaona wengi. Kiongozi anayesimama mbele ya kijiji chake na kusema 'nilimpita' sijapata kumwona mpaka leo. Huyo nitamfuata gizani siku yoyote."

Funzo: Kuwa na mwanga mkali si ndiko kuona, mwenye busara hujua wakati wa kuupunguza ili amwone mwenzake, na muungwana akikosea hujimulika mwenyewe kabla hajamulikwa na wengine.