Mguu wa Tatu wa Trela ya Baba

Hapo zamani, zamani ya juzi tu ambayo wengi wenu mliiona, siku ya Nane Nane mwaka 2015, Jumamosi, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, trela ya Baba ilivunjika mguu nyuma ya nyumba yetu pale Usa River. Nataja saa kwa sababu nilikuwa nimeshika daftari, na kwa sababu tangu siku ile sijaacha kujiuliza mambo yale yalianzia wapi hasa.

Niwaeleze trela kwanza, maana haikuwa ya kubebea matofali. Ilikuwa nyumba. Baba yangu, Anaeli Mbise, alikuwa mpishi na dereva wa safari za kambi, na trela ile aliiunda mwaka 1994 pamoja na rafiki yake Naftali, fundi wa kuchomelea. Ilikuwa na vitanda viwili vya kukunja, kabati la vyombo, jiko la gesi, na turubai la kijani lililotandazwa ubavuni likawa sebule. Likizo za shule Baba alituchukua. Nililala kitanda cha juu, pua yangu karibu na paa, nikinusa vitunguu, mafuta ya taa na turubai lililolowa. Hadi leo nikikutana na harufu hizo tatu pamoja, lazima nitafute mahali pa kukaa.

Trela ile ilikuwa na tani moja na nusu. Mbele ilikuwa na shingo ya chuma inayofungwa nyuma ya gari. Ukiifungua kwenye gari, shingo haina pa kuegemea isipokuwa kigurudumu kimoja kidogo chini ya bomba la chuma, na juu yake mkono wa kuzungusha ili kuipandisha na kuishusha. Baba alikiita mguu wa tatu. Chini ya shingo ile, mahali pasipoonekana, alipiga alama moja ya patasi kila aliporudi salama. Alipofariki zilikuwa sitini na moja.

Na alikuwa na desturi yake. Asubuhi ya mwisho ya kila safari, kabla ya kufunga mizigo, alichemsha chai akajaza kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka ukingoni, akampa yule ambaye bila yeye safari isingefika. Hakuhutubia. Alimpa tu, na kila mtu alijua. Mimi nilikipata mara moja, nikiwa na miaka saba, kwa sababu niliona koki ya gesi haijafungwa. Nadhani kikombe kile ndicho kilichonifanya niwe mtu wa kukagua kila kitu mara mbili.

Sasa, miaka sita baada ya Baba kufariki, macho ya Mama yalikuwa yanafifia. Daktari hakumficha. Mama akasema anataka kulala tena Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, mahali walipopenda kupiga kambi, angali anaona mwanga wa maji. Akirudi atahamia kwa dada yake Moshi, na trela ataiachia mtu mmoja.

"Nitaitoa kama ambavyo baba yenu angeitoa," alisema. "Atakayepewa kikombe ndiye atakayepewa ufunguo. Na wewe ndiye utakayemimina chai, kwa kuwa wewe peke yako huitaki."

Ni kweli sikuitaka. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Dar es Salaam na kazi yangu ya kwanza ilikuwa na miezi minne, ningeiweka wapi? Lakini watatu waliitaka, na kila mmoja kwa sababu ya haki.

Wa kwanza ni kaka yangu Elirehema, aliyetaka kuwapeleka wageni porini kama Baba. Siku ile ya Nane Nane aliivuta trela itoke nyuma ya nyumba, na kigurudumu cha zamani, kilicholiwa na kutu kwa miaka sita, kikakatika katikati. Shingo ikajikita kwenye udongo hatua moja kutoka miguuni pake. Elirehema akaenda Arusha mjini kutafuta kingine. Duka la kwanza alipewa chenye gurudumu la plastiki. Muuzaji akamwambia ni kilekile, tofauti ni rangi tu. Kaka akakisimamisha sakafuni, akakipanda kwa miguu miwili, na bomba likapinda kidogo.

"Mimi nina kilo sabini na nne na kimelia," alimwambia. "Trela ikikipanda kitasema nini?"

Alizunguka siku tano. Alikataa chenye tairi la upepo, kwa sababu Mang'ola kuna miiba. Alikataa chenye bomba jembamba. Mwishoni, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, alikipata kilichotolewa kwenye trela ya zamani ya kubebea maji: gurudumu pana la mpira usio na upepo ndani, la kutembea mchangani, bomba nene kama mkono wa mtu mzima, na kwenye ubavu wake chapa ya kilo 350. Alikibeba begani kutoka stendi hadi nyumbani, kilomita mbili na nusu. Huyo ni wa kwanza. Mwekeni kando.

Wa pili ni Naftali mwenyewe, fundi, ambaye tangu utotoni tunamwita baba mdogo. Yeye hakuwa na safari wala wageni. Aliitaka trela kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho mikono yake na ya Baba ilichotengeneza pamoja. Alipoletewa kigurudumu alikigeuzageuza, akakisifu, kisha akagonga shingo ya trela kwa nyundo pale kibano kinaposhikilia bomba. Mlio ulikuwa mbaya, kama debe.

"Eli, umeleta mguu wa tembo," alisema, "unataka kuuvalisha kiatu cha mbuzi."

Kibano cha zamani kilikuwa na unene wa milimita nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa kutu, nilipima. Naftali hakuwa na chuma kinene karakana. Basi aling'oa bamba la mlango wake mwenyewe, lile linaloshika komeo, milimita kumi, akalikata, akalikunja, akalichomelea pande zote. Juma zima mlango wa karakana yake ulifungwa kwa kamba, naye akilala ndani kulinda vifaa. Huyo ni wa pili. Mwekeni kando ya yule wa kwanza.

Siku moja kabla ya safari niliwasumbua wote twende kwenye mashine ya kusaga, kwenye mizani ya magunia, tupime shingo inabeba kiasi gani. Mwenye mashine akauliza kama leo tunasaga chuma. Shingo ilisoma kilo 228. Sehemu kubwa ilitokana na pipa la maji la lita mia mbili lililofungwa mbele kabisa. Nilisema pipa lirudishwe nyuma. Mama akakataa.

"Pipa hukaa mbele," alisema. "Baba yenu aliliweka mbele."

Hakuna aliyembishia. Nyumbani kwetu, jambo likishasemwa kuwa Baba alilifanya hivyo, mazungumzo yameisha.

Wa tatu ni wifi yangu Nashipai, mke wa Elirehema. Alikuwa akiwapikia wajenzi wa barabara, mafiga chini, upepo ukimwagia mchanga kwenye wali, na aliitaka trela ili apike akiwa amesimama kama mtu. Mumewe aliitaka kwa wageni, yeye kwa wajenzi, na nyumbani kwao walishaacha kulizungumzia. Tuliondoka Jumamosi ya tarehe 22 Agosti saa kumi na mbili na robo asubuhi. Tulipopumzika Karatu, Mama alisinzia ndani ya gari, nasi, mimi, kaka na Naftali, tulikwenda kutafuta mkate. Nashipai akachukua mpira wa maji, akafyonza maji kutoka pipani, akajaza madumu manane ya lita ishirini aliyokuja nayo, akayapanga ndani ya trela, usawa wa matairi, na kuyafunga kwa kamba. Tuliporudi alikuwa akijifuta mdomo kwa kanga.

Aliniambia mimi tu. Alisema amepika vya kutosha kujua kwamba sufuria lililojaa upande mmoja humwagika. Mama alipogundua baadaye alimkaripia, kwamba ameingia katika familia hii juzi na tayari anampangia marehemu vyombo. Nashipai hakuyarudisha maji pipani. Huyo ni wa tatu. Sasa wako watatu, wamekaa kwa mstari.

Tukafika Mang'ola saa kumi na dakika hamsini alasiri. Mikoche ilikuwa palepale, na ziwa jeupe kwa chumvi. Mama alishuka akasimama akivuta pumzi, akasema mahali pale bado pana harufu ileile. Kila mmoja akaenda kwenye kazi yake bila kuambiwa: kaka kufungua shingo, Naftali kuzungusha mkono wa kigurudumu, Nashipai kushusha vyombo. Kazi yangu tangu nina miaka mitano ni mawe. Trela haina breki. Waya wake ulikatika siku nyingi. Kabla ya shingo kufunguliwa, mawe manne huwekwa, mawili kila tairi.

Sikilizeni sasa, maana hapa siwezi kujificha. Mawe yalikuwa kwenye gunia, miguuni pangu. Nilikuwa nimeshika pima maji, nikikitazama kipovu chake, nikitaka kujua kama trela imekaa sawasawa. Kaka akauliza kama tayari. Nikasema tayari. Nilikuwa najibu kuhusu kipovu.

Akafungua shingo, akalisogeza gari mbele. Na Mama, bila kumwambia mtu, alikuwa ameshaingia chini ya shingo, amelala chali, akizitafuta alama za Baba kwa vidole.

Ardhi ile inateremka kidogo kuelekea ziwani. Trela ikaanza kwenda. Haikupiga kelele. Ilikwenda taratibu, kama mtu anayeondoka msibani. Kigurudumu kikabingirika kwenye mchanga, kikagonga mzizi wa mkoche, tani moja na nusu ikakisukuma kwa nyuma, chuma kikatoa mlio mmoja mrefu. Kisha kimya. Kigurudumu kilisimama wima. Shingo haikushuka. Baadaye nilipima umbali ambao trela ilitembea: sentimita kumi na tisa. Nilipima pia nafasi iliyokuwapo kati ya shingo na kifua cha Mama. Hiyo sitaitaja.

Tulimshika miguu tukamvuta nje. Alikuwa na mchanga kwenye nywele, na alikuwa amekasirika.

"Mmenipotezea hesabu," alisema. "Nilikuwa nimefika arobaini na tatu."

Kaka alilia. Nashipai ndiye aliyelichukua gunia miguuni pangu na kuyaweka mawe, bila kunitazama.

Jua lilipolegea, wali ukiwa jikoni, maneno yakaanza. Yalianza kwa upole, kama utani. Elirehema akasema kile cha plastiki kingepasuka kama yai, na sasa hivi tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

"Mimi ndiye niliyekikataa," alisema. "Siku tano nilizunguka. Mama yuko hai kwa sababu ya siku zile tano."

Naftali akasema kigurudumu hakielei hewani.

"Kingebaki kizima, mwanangu, kikiwa kimelala pembeni na kibano kimechanika. Shemeji ameshikwa na mlango wangu."

Nashipai alikuwa akikoroga. Alikoroga muda mrefu, kisha akafunika.

"Chapa inasema kilo mia tatu na hamsini kikiwa kimesimama," alisema. "Kilikuwa kimesimama? Shingo ilikuwa na mia mbili ishirini na nane. Ongezeni teremko, ongezeni mzizi. Kama maji yangebaki pipani kule mbele mnakotaka, hicho chuma chenu kizuri na hicho kibano chenu kizuri vingemwangukia pamoja."

Wakanigeukia mimi, msomi, mwenye daftari. Nilipiga hesabu ukurasa mzima. Lakini baada ya Karatu hatukupima tena, na hakuna mizani ya kupima kitu ambacho hakikutokea. Ukiondoa kigurudumu, hujui. Ukiondoa kibano, hujui. Ukiyarudisha maji pipani, hujui. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mawe, hata mmoja, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameelekea ziwani, kikombe cha bluu mapajani. Aliwasikiliza wote watatu. Kisha akanyoosha mkono, akanipa kikombe, akaniambia niende nikalale kitanda changu cha juu.

Asubuhi iliyofuata, Jumapili, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, nilishuka kabla yao. Nilizunguka trela nikaligusa kila jiwe, mara mbili. Niliingia chini ya shingo, nikalala pale Mama alipolala, nikaanza kuhesabu kwa vidole, macho nimeyafumba, hadi sitini na moja. Nilitoka nikachemsha chai kama alivyoichemsha Baba, tangawizi ikipondwa kwa kitako cha kikombe chenyewe. Nikamimina mpaka pale ukingo ulipobanduka. Walikuwa wameshaamka. Elirehema alikuwa amesimama kwenye kigurudumu, Naftali kwenye kibano, Nashipai kwenye madumu yake. Mama aligeuza uso kufuata mlio wa hatua zangu. Nikaenda na kikombe, polepole, nisimwage.

Mmekaa hapa mmesikia yote, na makosa yangu pia mmeyasikia. Chai bado ya moto. Je, kati ya watatu wale, nani alistahili kunywa?